Foto Yenye Ilikatwa Miguu

Kambi ya lizini, kiwanda ya madini, balabala ya Kambove
8 Septemba 2024

Yaya Viviane,

Minye Eddy, mudogo yako mwenye sura nzuri kupita batoto yote ya mama, nakusalimia. Niko muzima, nakula, nalala, nanuka kidogo. Mama nilimuacha ku soko anauza samaki ya makayabu na anagombana na bateja, njo kusema iko na afya. Salimia shemeji. Salimia mapacha, ubaambie mujomba yao sasa ni muntu mukubwa wa madini.

Utauliza juu ya nini naandika barua kama padri wa zamani, na simu iko. Simu haiko, yaya. Siku tuliingia huku, kapita Dodo, musimamizi wetu, alikamata simu yetu yote na karte zetu za uchaguzi, akazifungia mu kabati ya chuma ku mulango. Anasema ni kwa usalama, tusipoteze. Nilimuambia karte yangu sijawahi kuipoteza. Akanijibu nitaipata siku kazi itaisha. Siku gani? Hapo akaanza kupiga muluzi. Basi barua hii inapanda kamyo na Kabamba, dereva mwenye anapelekaka mifuko Lubumbashi.

Uelewe tena: Dodo si muntu wa kampuni. Kampuni inamupa kazi, yeye anatafuta bantu. Ukiuliza kampuni, banakuambia uliza Dodo. Ukiuliza Dodo, anaonyesha kampuni na kidole. Shiye tuko katikati ya kidole na kampuni.

Sasa habari kubwa. Wageni balikuya, bale bazungu wenye kununua madini, kuangalia kama tunatendewa bulongo ao vibaya. Biro yako ya kampuni njo inabaandikia ripoti, sivyo? Kila siku tunafanya kazi na kandambili karibu na mabwawa ya asidi, juu buti haiko. Ile asubuhi pickup ikaleta buti mupya, zinanuka duka, lakini za nusu yetu tu. Minye, sababu ya sura, nilipewa ya kwanza. Nikakamata rangi ya kuandika mifuko, nikaandika nyuma ya buti zangu mbili EDDY LE ROI, Eddy mufalme. Unanijua. Niliandika jina ku sufuria ya mama, ku benchi ya masomo mpaka bakanifukuza, ku mbuzi ya jirani. Buti ni nini?

Wageni balianza na hangari yetu. Bakatuangalia miguu, bakafurahi. Halafu kampuni ikabapeleka kunywa kintu cha baridi, na Dodo akasema, vua. Tukavua mbio, tukatupa mu toroli, na benye kazi ya ku mabwawa bakavaa zikiwa bado na joto yetu. Buti ya mufalme ilimwangukia Pitshou. Ndiyo, ule Pitshou wa Mama Mwadi, jirani yetu, mwenye ulimufundisha kusoma ku baraza yetu. Wageni balifika ku mabwawa, bakaangalia miguu, bakafurahi tena.

Mwisho ilikuwa foto. Dodo alitupanga kama timu ya mupira: benye buti bachuchumae mbele, benye kandambili basimame nyuma, miguu isionekane. Pitshou alikuwa mbele kabisa, amegeuka kidogo upande, anacheka meno yote, na jina yangu ku kisigino yake. Minye nyuma yake na kandambili. Wageni bakaingia katikati yetu. Tulicheka mpaka chakula.

Jioni buti zilirudi mu depo na kufuli. Zinangojea wageni wengine.

Mudogo yako,
Eddy le Roi, sasa bila buti


Lubumbashi
1 Oktoba 2024

Mdogo wangu Eddy,

Nimepokea barua yako, Kabamba aliileta mpaka biro. Huku tuko wazima. Mvua bado, umeme unakuja na kuondoka inavyotaka. Mapacha wameanza mwaka wa pili, mmoja anapenda masomo, mwingine anafanana na wewe. Shemeji yako anakusalimia. Kwaya ya parokia imenipa tena kazi ya kutunza nguo, kwa hiyo Jumamosi yangu imekwisha.

Eddy, utakua lini? Hiyo tabia ya kuandika jina lako kila fasi, acha. Ukipata nafasi ya kufikia zile buti, futa. Rangi nyeupe inaonekana toka mbali. Na mambo ya kazi usiyaandike sana kwenye barua, karatasi inatembea. Kazi ni ngumu kupatikana, nilizungumza na watu wengi ili wakuchukue pale. Vumilia.

Umwandikie mama. Analalamika kwamba unaniandikia mimi tu.

Yaya yako,
Viviane


Kambini
27 Oktoba 2024

Yaya mupendwa, mama wa mapacha, mulinzi wa nguo za kwaya,

Ule mwenye anafanana na minye, umutunze, njo atakulisha uzeeni. Minye niko. Kikohozi tu, lakini huku bote tunakohoa, tunaimba sauti tatu, ungetuita ku kwaya yako. Mama nilimuandikia, akajibu kupitia Kabamba na samaki mbili. Kabamba alifika na moja.

Poster ya wageni ilifika. Kubwa kama mulango ya kanisa, bameipigilia ku ukuta fasi kila kamyo inapita. Juu bameandika Kifaransa, kwamba usalama ya mufanyakazi ni kintu ya kwanza. Chini njo shiye na helmeti, wageni, na minye katikati. Muzuri, nakuambia. Lakini yaya, bote tunaishia ku kiuno. Chini ya kiuno hakuna kintu. Benye balichuchumaa mbele habako kabisa, sawa habakuzaliwa. Nikasema mbele ya kila muntu: kampuni imenunua bafanyakazi nusu, njo maana inatupa chakula nusu. Hata mulinzi alicheka.

Pitshou hakucheka. Alikuwa amemutumia Mama Mwadi habari kwamba uso yake itakuwa ku ukuta, apite siku moja aangalie. Alisimama pale akaniuliza kama balimutoa juu ni mubaya. Nikamuambia ndiyo, mubaya sana. Ni mizaha yetu ya kila siku, lakini siku ile alirudi tu ku kazi, na minye nikajiona mujinga.

Weye uko mu biro. Uliza nani alikata ile foto. Umuambie Eddy wa Likasi anasema iko na makasi mubaya.

Tena nilienda kuomba karte yangu. Nimechoka, nataka kurudi nyumbani, hata kusukuma baiskeli ya makala ni afadhali. Dodo alinikamata bega kama baba, akanipeleka mbele ya poster.

"Uende wapi?" akaniambia. "Uko ku ukuta. Weye ni wetu."

Bila karte mulinzi hafungui mulango. Wenye baliruka ukuta mwezi uliopita, polisi balibarudisha kama wezi. Nakuambia hii yote bila kucheka, na unajua ni kazi nguvu kwangu.

Eddy


Lubumbashi
24 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa. Mapacha waliugua malaria mmoja baada ya mwingine. Sasa wamepona, wanavunja vyombo. Mvua imeanza, paa la jikoni linavuja. Mama alikuja wiki moja, tukamtafutia dawa ya presha, amerudi na kitenge kipya.

Mambo ya poster hayapiti kwangu. Ni idara nyingine. Mwambie rafiki yako asijali, foto ni foto tu, huwa wanakata ili itoshe.

Kuhusu karte, nitaona ni nani naweza kumuuliza. Usigombane na Dodo. Umevaa vizuri? Usiku kuna baridi ya mvua.

Viviane


Likasi, nyumbani kwa mama
8 Desemba 2024

Yaya Viviane,

Mama iko bulongo, kitenge kinamupendeza. Minye niko ku nyumba. Salamu imekwisha.

Jumatatu ya wiki iliyopita bomba ilipasuka ku bwawa, asidi ikamwagika chini. Benzake baliruka. Pitshou aliteleza. Kandambili ikabaki, mguu ya kuume ikaingia mpaka juu ya kifundo. Tukamuvuta, tukakimbia ku robine kumwagia maji, robine ikatoa upepo. Tukamumwagia maji yetu ya kunywa.

Dodo alikuya mbio. Nilifikiri analeta gari. Alileta buti. Akasema muntu wa usalama wa kampuni iko njiani, hawezi kukuta mufanyakazi bila buti. Bakamuvalisha zote mbili, yaya. Buti yangu. Bakaisukuma mu ile mguu yenye ngozi ilikuwa inatoka, Pitshou anaita mama yake, na minye nimeshikwa na balinzi mikono nyuma, nasoma jina yangu. Muntu wa usalama akafika, akaangalia toka ku mulango ya hangari, akaona buti, akasema basi, vifaa alikuwa navyo. Hakuingia. Viatu vyake vilikuwa visafi.

Akiisha kwenda tu, nilimubeba Pitshou mugongoni mpaka ku mulango kubwa. Mulinzi akaniuliza karte iko wapi. Nikamuambia iko kwenu, ikae, muoe na ile karte, muzae nayo batoto. Sijui ni sauti yangu ao ni harufu ya ile mguu, alifungua.

Ku lopitali infirmiere, mwenye kutunza bagonjwa, alikata buti na makasi. Haikutoka peke yake. Siku chache nyuma yake munganga akakata mguu. Pitshou alipoamka aliniuliza kama iko bado, na minye, mwenye kinywa hainyamazaka, nikaanza kusema habari ya hewa.

Sasa sikiliza. Mama Mwadi alienda ku kampuni kuomba balipe matunzo. Kampuni ikasema uliza Dodo. Dodo akasema hamujui, ni mwizi mwenye aliruka ukuta akaiba mpaka buti. Mama akasema mutoto yake alifanya kazi pale mwaka nzima. Bakamupeleka mbele ya poster, bakamuambia, "Tuonyeshe. Iko wapi hapa?" Mama wa bantu alitafuta uso moja moja. Kisha akarudi kwa miguu mpaka mujini, mu mvua.

Njo pale nilikamata barua yako ya Oktoba. Uliniambia rangi nyeupe inaonekana toka mbali. Minye sikukuandikia rangi, yaya. Ningeweza kuandika na nyekundu, na nyeusi, na damu. Uliona wapi nyeupe? Buti ililala mu depo na kufuli, na ku poster hakuna hata kidole ya mguu. Ulikuwa na foto nzima. Uliniona. Ulimuona Pitshou. Na ukaniambia ni idara nyingine.

Nataka ile foto. Nzima, na miguu.

Eddy


Likasi
12 Januari 2025

Viviane,

Mama anakusalimia. Minye hapana.

Kabamba anasema barua aliitia mu mukono yako, na ukamuuliza kama amekula. Noeli ikapita, barua hapana. Mwaka mupya, hapana. Halafu inafika paketi: chumvi, mafuta, nguo ya mama, na viatu yangu, vya ngozi, vya kamba. Viatu! Mu nyumba yenye jirani yake anajifunza kutembea na fimbo, weye unanitumia viatu!

Nimevirudisha na Kabamba. Sikuandika jina juu yake.

Na kintu kingine. Mu barua zako mbili hukuandika jina yake hata mara moja. "Rafiki yako." Iko na jina. Ulimufundisha weye kuiandika, na chaki, ku simenti ya baraza yetu, na mama akakugombeza juu ya uchafu.

Eddy


Lubumbashi
2 Februari 2025

Eddy,

Tuko wazima. Mama asihangaike juu ya paa, limetengenezwa.

Ndani ya bahasha utakuta unachokitaka. Usiseme kimetoka kwa nani. Nina mapacha, shemeji yako hana kazi tangu Agosti, sikukuambia. Nyumba hii yote inasimama juu yangu, na dawa ya mama pia. Wewe uko kijana, unaona mambo ni mepesi. Mkubwa wangu aliniambia tu kwamba foto lazima iwe safi. Hakuniambia kitu kingine, na mimi sikuuliza.

Nimefanya ninachoweza. Usiniandikie tena biro.

V.


Likasi
23 Februari 2025

Yaya,

Kabamba atakupelekea hii ku nyumba, si ku biro, usiogope. Mama iko na maumivu ya kichwa tangu alisikia shemeji hana kazi, lakini anauza. Hukuniambia. Ungeniambia. Ningekucheka siku mbili, halafu ningetuma makayabu.

Foto ilifika. Nilimupelekea Pitshou kitandani. Aliona meno yake kwanza, akasema, kumbe si mubaya. Mama Mwadi hakuangalia meno. Aliweka kidole ku mguu ya kuume, mu buti, akaiacha pale.

Siku ya enspekta wa kazi wa serikali, mwenye tulimupelekea malalamiko, tulienda minye, Pitshou na fimbo mbili, na mama yake. Upande ule Dodo, na avoka, mutetezi wa kampuni, mwenye marashi ya kuua nzi. Minye nilivaa koti ya baba. Nikaweka buti mbili ku meza ya enspekta, moja nzima na moja yenye ilipasuliwa na makasi, bado na damu kavu ndani. Avoka akasogeza kiti nyuma. Akasema buti ziliibiwa. Nikaweka foto. Pitshou huyu hapa, buti hizi hapa, jina hili hapa, na pembeni muntu mukubwa wa kampuni yenu anacheka naye. Dodo akaanza kuangalia dirisha. Yaya, nilikuwa muzuri ile saa kupita siku yote ya maisha yangu.

Halafu avoka akauliza kwa upole: foto hii imetoka wapi? Nani aliitunza? Nani anathibitisha kwamba njo ile ya poster, kwamba haikutengenezwa mu simu na kijana mwenye hakumaliza masomo? Akaniangalia miguu mpaka kichwa. Enspekta, muntu wa haki kidogo, akasema anahitaji mwenye alikuwa nayo, mwenye alikata. Bila huyo hawezi kuandika kwamba Pitshou ni mufanyakazi. Na kama si mufanyakazi, hakuna matunzo, hakuna mguu ya kubandika, na kesi ya wizi inabaki juu yake. Atatolewa kitandani kupelekwa gereza. Ametupa tarehe 14 Machi.

Nilipotoka nilipita mbele ya poster. Iko pale bado. Kamyo ya kampuni yenu inapita chini yake kila siku.

Sikuombi na magoti. Foto ile imenizoeza kutokuwa na magoti. Nakuambia hivi: kampuni inaonyesha Dodo, Dodo anaonyesha kampuni, avoka anaonyesha mwizi, na weye unaonyesha mapacha. Kila muntu iko na wa kuonyesha. Pitshou hana wa kuonyesha, iko tu na pale mguu ilikuwa.

Usipofika, sitakuandikia tena, na mama nitamuambia juu ya nini.

Eddy


Lubumbashi
9 Machi 2025

Pitshou, mtoto wa Mama Mwadi,

Nakusalimia wewe kwanza. Eddy ataingojea barua hii, mwambie angoje. Soma mwenyewe, najua unaweza.

Ile foto ilifika kwenye meza yangu siku ya pili baada ya wageni. Nilisoma jina la Eddy kwenye buti nikacheka peke yangu, hata mwenzangu akaniuliza nacheka nini. Kisha nikaangalia ni nani amezivaa, nikakutambua. Ulikuwa unacheka vilevile kama siku uliyoandika Pitshou bila kukosa. Nyuma yako niliona kandambili. Nikajua siku hiyo mnavyofanya kazi, na kwamba ukaguzi wa wageni ni uongo. Sikupewa amri ya kukata. Niliambiwa iwe safi, na mkono ulioisafisha ni wangu. Kama ningeiacha nzima, wanunuzi wangeuliza, na buti zingekuwa miguuni mwenu kabla ya Novemba. Ama mimi ningefukuzwa. Nilichagua.

Juzi niliiambia biro kwamba nakuja Likasi kusema hivyo mbele ya enspekta. Walichukua simu ya kazi na kitambulisho changu pale mlangoni, mlinzi akaviweka kwenye droo. Niliwatumia wanunuzi foto nzima kabla ya kutoka. Hawajajibu.

Nitapanda basi la tarehe 13. Nitashuka, nitakuja kwenu kwanza, kabla ya kwa mama yangu. Mama Mwadi asinipikie kitu.

Viviane